Mawe ya Makaburi ya Zamani: Yasomwe au Yavunjwe?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Tumeulizwa katika darasa zetu, na zaidi ya mara moja, swali hili: makaburi ya zamani yaliyoko mashambani na vichakani katika pwani yetu, yenye nguzo ndefu na maandishi, je, si wajibu tuyavunje, hali Mtume (S.A.W.) amekataza kujenga juu ya makaburi? Wanaouliza ni vijana wenye ghera ya dini, nasi twawashukuru. Lakini jambo hili lataka elimu kabla ya nyundo.

Hadithi ya Jabir, aliyoipokea Imamu Muslim, yakataza kaburi kutiwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Na katika riwaya ya Tirmidhi imezidishwa: na kuandikwa. Imamu Nawawi akasema kuwa kuandika juu ya kaburi ni makuruhu, yawe maandishi yako katika ubao wa kichwani au kwingineko. Al-Hakim alitaka kuwatetea watu wa zama zake, akasema kuwa makaburi ya Maimamu, mashariki hata magharibi, yana maandishi. Adh-Dhahabi akamrudi kuwa hatumjui Sahaba hata mmoja aliyefanya hivyo. Na jawabu hilo latosha. Kilichothibiti ni alama tu: Mtume (S.A.W.) aliweka jiwe kichwani mwa Uthman bin Madh'un ili alijue kaburi lake. Basi anayezika leo asijenge nguzo wala asichonge mashairi ya kumsifu maiti. Fedha hizo ni haki ya mayatima wake.

Hilo ni la leo. Ama yaliyokwisha jengwa, vijana wetu hushika kauli ya wanachuoni kuwa jengo katika makaburi ya wakfu huvunjwa. Kauli ni sahihi, wala hatuifichi. Lakini Imamu Shafi alipotaja kuvunjwa kwa majengo ya makaburi ya Makka, aliwataja maliwali kuwa ndio waliovunja, si kila mpita njia. Na sababu waliyoieleza mafakihi ni kuwa jengo huwabania Waislamu nafasi ya kuzikia. Katika magofu ya Gedi, nani anazikwa tena hata abaniwe? Tena nani kati yetu ana ushahidi kuwa ardhi ile ilikuwa wakfu, haikuwa milki ya mwenye kaburi? Katika milki, kujenga ni makuruhu tu. Juu ya hayo, sheria ya nchi ya mwaka 2006 yayalinda majengo hayo ya kale. Atakayeyavunja atajitia matatani, na fitina itaangukia watu wote wa darasa.

Sasa tutazame yaliyomo. Gedi kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijri. Anayetaka kuujua mwaka wa Miladi na augawe ule wa Hijri kwa 33, atoe alichopata, kisha ajumlishe 622. Hapa 802 kwa 33 ni kama 24, zabaki 778, ukijumlisha 622 wapata 1400. Na kweli mwaka 802 ulianza Septemba 1399 ukaisha Agosti 1400. Basi karibu miaka 100 kabla Vasco da Gama hajafika Malindi mwaka 1498, palikuwa hapo na Waislamu wenye kuhesabu kwa Hijra na kuandika Kiarabu. Wanaodai kuwa pwani hii haikuwa na elimu wapelekwe wakalione jiwe hilo.

Mambrui na kwengineko nguzo zilipachikwa bakuli za Kichina. Nyingi zimebanduliwa na wezi, mashimo yake yakabaki yakitutazama. Huo ni wizi, japo mwizi ajiite mtengenezaji wa dini.

Lakini linalotutia hofu zaidi ni viwanja. Waarabu huliita jiwe la kaburi *shahid*, na jina hilo ni la haki, maana ndilo shahidi wa wakfu asiyehongeka. Likiondolewa usiku, asubuhi huja mpimaji, na baada ya mwaka pana nyumba ya kupangisha juu ya mifupa ya wazee wetu. Mtume (S.A.W.) ameufananisha uvunjaji wa mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai. Kijana aling'oaye jiwe kwa ajili ya Sunna huenda amfungulia mlango mnyang'anyi, naye hajui.

Wala asije mtu akatufahamu vibaya. Ubani, nadhiri na vitambaa vinavyofungwa kwenye nguzo hizo, na kuwaomba waliomo ndani, ni mambo tunayoyapinga leo kama jana. Mvua huombwa kwa Mwenyezi Mungu, uwanjani, kwa sala ya istiskai. Nendeni makaburini kwa lililoruhusiwa: kuwatolea salamu, kuwaombea, na kuikumbuka Akhera.

Aliye na kaburi la namna hiyo karibu na shamba lake na alifyekee magugu kwa mkono, asilichome moto wala asilisugue kwa msasa, kwani matumbawe humomonyoka na herufi hupotea. Anakili herufi kama azionavyo, hata zile asizoweza kuzisoma, aandike na jina la mahali na la wenye ardhi jirani, kisha atuletee darasani tusome pamoja.