SOMO LA WAMAMA: NGOZI YA TUMBO BAADA YA KUZAA, NA KAZI YA MOTO



Mama mmoja alifika hospitalini siku ya tisa baada ya kuzaa. Alitembea polepole, miguu wazi, na mutoto alibebwa na dada yake. Tulipofungua kitambaa tuliona malengelenge juu ya tumbo na mapaja, na mahali pengine ngozi ilikuwa imeondoka. Kila asubuhi mama mukwe wake alikuwa anamukanda na kitambaa kilichochovywa katika maji ya kuchemuka, kusudi tumbo lirudi na ngozi ikaze. Hakufanya kwa ubaya. Yeye mwenyewe alikandwa vile, na alitaka kumusaidia muke wa mutoto wake.

Wakati nilipokuwa nikifunga kidonda, yule mama aliniuliza: "Mama, dada yangu wa mjini anasema ku Ulaya wanakaza ngozi ya tumbo na moto ya radio, bila kupasua. Basi moto yao inakaza, moto yetu inachoma. Juu ya nini?"

Ni ulizo zuri. Somo hili ni jibu lake.

1. Sababu gani ngozi inalegea?

Ngozi ina sehemu tatu. Ya juu ni nyembamba sana. Inazuia maji na vijidudu. Ya katikati ni nene na yenye nguvu. Ndani yake kuna nyuzi za kolajeni, zilizosukwa kama kamba za kitanda, na nyuzi nyingine zinazovutika kama mupira. Ya chini ni mafuta.

Wakati wa mimba ngozi ya tumbo inavutwa kwa miezi mingi. Nyuzi zingine zinakatika, na hapo inatokea michirizi. Mwanzoni michirizi ni myekundu au myeusi. Baada ya miezi inafifia, lakini haifutiki kabisa, na hakuna pomade inayoifuta. Mujihazari sana na pomade za kujichubua. Nyingi zina dawa ya jamaa ya kotizoni, na ile inapunguza unene wa ngozi na kuleta michirizi mingine.

Chini ya ngozi kuna misuli miwili mirefu inayoshuka katikati ya tumbo. Mimba inaitenganisha. Mara nyingi tumbo linaloonekana kulegea si ngozi tu; ni misuli hii ambayo haijarudi karibu.

Tena kuna nyumba ya mutoto. Mara tu baada ya kuzaa, kichwa chake kinafika karibu na kitovu. Inashuka karibu upana wa kidole kimoja kila siku. Baada ya siku 10 mpaka 14 hauwezi tena kuigusa juu ya mufupa wa chini ya tumbo, na baada ya wiki 6 hivi imerudi karibu na ukubwa wake wa zamani. Haishushwi na maji ya moto. Inajikaza yenyewe, na kila mara mutoto ananyonya inajikaza zaidi. Ndiyo maana mama anasikia tumbo likimukata wakati wa kunyonyesha. Damu nayo inatoka yenyewe, kidogo kidogo, haihitaji kukamuliwa.

2. Moto wa maji unafika wapi?

Mumeona kipande cha ngozi ya mbuzi kikitiwa katika chungu cha kuchemuka: kinajikunja na kuwa kidogo. Ni kweli, kolajeni ikipata moto wa degre 60 na zaidi inajikaza. Wamama wazee hawakuota. Lakini ile ngozi ya mbuzi imekufa, na yako iko hai.

Maji ya moto yanagusa kwanza ile sehemu ya juu, nyembamba. Kabla moto haujafika katikati kwenye kolajeni, sehemu ya juu imekwisha kufa. Maji ya degre 60 yanaweza kuunguza ngozi vibaya kwa muda wa sekunde 5 tu, na maji yanayochemuka yako karibu na degre 100. Kwa hiyo hauwezi kukaza ngozi kwa maji bila kuiunguza. Maji ya vuguvugu hayakazi kitu. Yanasafisha na kutuliza tu.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mama aliyezaa kwa kupasuliwa, ile tunayoita sezariene. Ngozi karibu na kidonda inaweza kukaa miezi bila kusikia vizuri, basi anaungua na hajui. Tena kumukandamiza kunaweza kufungua kidonda.

3. Mashine ya mawimbi ya redio

Hapa tusichanganye maneno. Katika hospitali zetu tunasema "kupita radio" wakati munganga anapiga picha ya mifupa. Mashine hii si ile. Mawimbi yake ni ya jamaa moja na yale yanayoleta habari na nyimbo katika redio ya nyumbani.

Katika miaka ya 1890 munganga Arsène d'Arsonval wa Ufaransa alionyesha kwamba umeme unaogeuka upesi sana unaweza kupita katika mwili bila kushitua misuli. Mutu anasikia joto tu. Mwaka 1926, kule Boston, Marekani, munganga Harvey Cushing alianza kutumia kisu cha umeme cha namna hiyo kwa kupasua na kuzuia damu. Nyuma yake watu walitafuta njia ya kupasha joto ngozi bila kuikata. Mwaka 2002 ofisi ya Marekani inayochunguza dawa na vyombo vya tiba iliruhusu chombo cha namna hii kwa mikunjo ya karibu na macho.

Kazi yake ni hii: mawimbi yanapita sehemu ya juu na kuleta joto katika sehemu ya katikati. Mashine zingine zinapoesha juu wakati ule ule. Joto linapimwa kila mara. Nyuzi za kolajeni zinajikaza kidogo, na mwili unaanza kutengeneza nyingine mupya. Matokeo yanaonekana polepole, kwa miezi 2 mpaka 6. Ndiyo tofauti, mama: moto wao unapimwa na unaingia ndani, wetu haupimwi na unaishia juu.

Lakini musidanganyike. Ngozi inakaza kidogo, si sana. Ngozi iliyolegea kabisa hairudi kwa njia hii, wala misuli iliyotengana. Mashine hiyo pia inaweza kuunguza, au kuacha shimo katika ngozi, zaidi sana mikononi mwa mutu asiyefundishwa. Haifanyiwi mwanamuke mwenye mimba, wala mutu aliyewekewa chombo cha umeme cha kusaidia moyo. Mwenye chuma mwilini lazima aseme kwanza. Na bei? Kule Marekani mara moja tu inaweza kuomba mamia ya dola, hata zaidi ya elfu.

Wengine wanaitumia kwa ngozi ya mapaja na matako yenye vishimo-vishimo kama ganda la chungwa. Vishimo hivi si ugonjwa. Ni mafuta yanayosukuma juu katikati ya nyuzi zinazovuta ngozi chini. Katika wanawake 100, karibu 80 mpaka 90 wako navyo, wanene na wembamba. Mashine inavipunguza kidogo kwa muda, kisha vinarudi. Mutu asikuuzie dawa ya kitu kisicho ugonjwa, na mutoto wako akose pesa ya masomo.

4. Nini inasaidia kweli?

a) Nyonyesha mutoto mara nyingi, usiku na mchana.

b) Oga na maji ya vuguvugu. Yapime kwanza na kiwiko cha mukono. Kama kiwiko kinakataa, tumbo nalo linakataa. Usikae juu ya chungu chenye mvuke, wala usiingize maji ya moto ndani ya uke.

c) Kula vizuri: maharagi, samaki, mayai, sombe, matunda. Mwili hauwezi kusuka nyuzi mupya bila chakula.

d) Rudisha misuli. Lala chali, kunja magoti. Toa pumzi polepole huku ukivuta kitovu kuelekea mugongo. Hesabu mpaka 5, kisha legeza. Fanya mara 10 asubuhi na mara 10 jioni. Uliyezaa kwa njia ya kawaida, anza wakati unapojisikia tayari. Uliyepasuliwa, uliza kwanza infirmiye. Kwa majuma ya kwanza usibebe mizigo mizito. Hapa, wababa, kazi ya maji na kuni ni yenu.

e) Ukifunga kitambaa tumboni, kisikuzuie kupumua wala kukaa vizuri.

f) Uwe na uvumilivu. Tumbo lilifanya miezi 9 kwa kupanuka. Haliwezi kurudi kwa siku 9.

5. Kama mutu ameungua

Mwangia mahali pale maji safi ya baridi kwa dakika 20. Ondoa nguo na pete, lakini nguo iliyoshikamana na ngozi usiivute. Usipake dawa ya meno, mawese, majivu wala yai. Usipasue malengelenge. Funika na kitambaa safi, mupe maji ya kunywa, umulete hospitalini.

6. Lete mama upesi kama:

– damu inajaza kitambaa kwa saa moja;
– ana homa, au damu inanuka vibaya;
– tumbo linauma sana, au halishuki;
– kichwa kinauma sana na macho yanaona giza, au anashituka-shituka;
– muguu mmoja umevimba na unauma, au anakosa pumzi.

Hakuna hata moja ya hizi inayotibiwa na maji ya moto. Kila saa ya kukanda ni saa iliyopotea.

Yule mama alikaa kwetu wiki tano. Hakuweza kumulaza mutoto juu ya tumbo, na tulimufundisha kunyonyesha kwa ubavu. Alipona. Leo ngozi ya tumbo lake imekaza kweli, lakini ni kukaza kwa kovu; akinyoosha mugongo inamuvuta na kumuuma. Mama mukwe wake alilia, kisha akafanya jambo jema: bibi-mutoto wake wa pili alipozaa, alipima maji na kiwiko, na akasimama kufundisha wenzake katika kikundi cha wamama kanisani.

Mutume Paulo alifundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu. Mutu hachomi hekalu kusudi lionekane jipya. Mama, tumbo lililolegea limebeba mutu. Ulitunze.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Kitu gani kinarudisha nyumba ya mutoto mahali pake?
2. Sababu gani maji ya moto yanachoma kabla ya kukaza?
3. Utapima maji ya kuogea mama muzazi namna gani?
4. Nani katika nyumba yako anapaswa kusomewa somo hili kabla ya mimba inayokuja?