KISU NA TOCHI MFUKONI: CHAGUA VIZURI, LINDA VIDOLE VYAKO



Ni saa tatu za usiku. Umeme umekatika. Baba amerudi kutoka kazini, anataka kufungua mfuko wa unga uliofungwa kwa kamba. Mkono mmoja umeshika kisu cha kukunja, mkono wa pili umeshika kamba, tochi ameiuma kwa meno. Anasukuma kwa nguvu. Kisu kinajikunja chenyewe, makali yanaangukia kidole.

Hakuna mashine iliyomgusa, hakuna jiwe lililomwangukia. Lakini kama mshipa unaokunja kidole umekatika, mkono ule unaweza kukosa nguvu ya kushika nyundo au usukani kwa muda mrefu, pengine kwa maisha yote. Tazama sasa makosa yako wapi: kisu hakikuwa na kufuli, na tochi haikumwachia mikono. Yote mawili yalianza siku ya kununua. Basi tujifunze kununua.

TOCHI KWANZA

Tunaanza na tochi kwa sababu usikate kitu usichokiona.

Kwa nyumba, tochi bora ni ile ya kufunga kichwani. Inaangaza pale unapotazama, na mikono yote miwili inabaki huru. Kwa njia ya usiku, tochi ndogo ya mkono inatosha, mradi uweze kuiwasha kwa kidole gumba bila kutumia mkono wa pili. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa lumeni. Mshumaa mmoja hutoa kama lumeni 12; tochi ya lumeni 100 inatosha kabisa kuona shimo au nyoka njiani. Usidanganywe na namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. Iwashe palepale sokoni, itikise, igonge kidogo kwenye kiganja. Ikizimika, irudishe mezani.

Angalia pia betri. Betri za kawaida za volti 1,5 zina kopo la zinki, madini ambayo watu wa Kipushi wanayajua vizuri. Betri inapofanya kazi, zinki ile huliwa kidogo kidogo, mwisho inatoboka na maji yake yanaharibu tochi. Kwa hiyo ondoa betri zilizochoka, na usichanganye mpya na za zamani.

Betri za kuchaji za lithiamu, ambazo nyingi zina kobalti ndani yake, zina nguvu lakini zinataka heshima. Ile inayoitwa 18650 ina unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ukiona imeandikwa 9900 mAh, ujue ni uongo: hata zile bora kabisa hukaa karibu na 3500, au 4000 kwa shida. Muuzaji anayedanganya juu ya namba hiyo, je, atakuwa amejali usalama wake? Tumia chaja yake mwenyewe, usiichaji juu ya godoro, na ikivimba au ikipasuka ganda, usiitumie tena.

Mama, sikia neno hili. Vitochi vidogo vya ufunguo hutumia betri bapa kama kifungo cha shati. Mtoto akimeza betri hiyo, inaweza kuchoma koo lake kwa ndani katika saa 2 tu. Usimtapishe. Usingoje kuona kama itatoka yenyewe. Mkimbize hospitali saa ileile, hata kama hajalia. Nunua kile ambacho mfuniko wake umefungwa kwa skrubu.

TOCHI YA SOKONI SI TAA YA MGODI

Kwa wale wanaoshuka chini, tuseme wazi. Huko Kipushi, kilomita kama 30 kutoka Lubumbashi, mashimo yanashuka zaidi ya mita 1 000, na chini hakuna mwanga wa jua hata chembe. Taa ya kofia unayopewa kwenye chumba cha taa ina kazi mbili. Inakuonyesha njia, na namba yake inaonyesha wewe uko wapi: posti ikimalizika na taa fulani haijarudi, wakubwa wanajua kuna mtu bado yuko chini, na wanaanza kumtafuta. Ukiacha taa hiyo na kushuka na tochi ya sokoni, unajifuta katika hesabu hiyo. Tochi yako mwenyewe iwe ya akiba tu, kama kanuni za kazi zinaruhusu. Na karibu na baruti, au mahali penye hatari ya gesi, tumia taa zilizokubaliwa tu, maana swichi ya kawaida inaweza kutoa cheche.

Taa ikizimika chini, simama. Usitembee gizani. Ita wenzako, ungoje mwanga.

SASA KISU

Kwanza, kiwe na kufuli. Kampuni ya Opinel ya Ufaransa ilianza kutengeneza visu vya kukunja mwaka 1890. Mwaka 1955 ilikiongezea kisu chake pete ya chuma inayozunguka shingoni na kuzuia makali yasirudi. Lakini usinunue jina, maana majina huigwa. Jaribu kufuli lenyewe: fungua kisu, funga kufuli, ondoa vidole kwenye njia ya makali, kisha bonyeza mgongo wa kisu juu ya ubao. Kikilegea, si chako.

Pili, makali ya sentimita 7 au 8 yanatosha. Kwa kamba, mkate na embe huhitaji panga.

Tatu, mpini ujae mkononi na usiteleze ukilowa jasho.

Nne, kinolewe. Wengi hudhani kisu butu ni salama. Sivyo: kisu butu unakisukuma kwa nguvu, na kikiteleza kinakuja na nguvu ile yote.

Kata ukielekeza makali mbali na mwili wako. Usikitumie kufungulia skrubu, wala kumenya waya wa umeme. Ukimpa mwenzako, kikunje kwanza. Na kama kazini kwenu visu vimekatazwa, kiache nyumbani. Muulize kapita wako kabla ya kuulizwa wewe langoni.

UKIJIKATA

Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu, usiachilie kila mara kutazama. Damu ikisimama, osha kwa maji safi na sabuni. Usiweke udongo, majivu wala mafuta ya gari. Nenda kwa daktari kama damu haikomi, kama kidole hakikunjiki, au kama kimekufa ganzi. Na uulize juu ya sindano ya pepopunda. Watu husema pepopunda inatoka kwenye kutu. Ukweli ni kwamba mdudu wake anaishi katika udongo, na kisu kinachong'aa kinaweza kumwingiza vilevile.

KAZI YA JIONI HII

Toa kisu na tochi ulizo nazo, uziweke mezani mbele ya bibi yako na watoto wakubwa. Jaribu kufuli. Fungua tochi, tazama betri. Chagua mahali pamoja pa kuweka tochi, ili hata mtoto aipate gizani, na mahali pa juu pa kuweka kisu, ili asikipate.

Vidole ni kumi, na sokoni haviuzwi. Angalia kwanza, kata baadaye.