Shemeji na Hospitali ya Roboti

Mdogo wangu wa Leicester, pole sana. Unasema shemeji kakutwa na saratani ya tezi dume, bado haijatoka nje ya tezi, na tangu aambiwe hataki kusikia kitu ila hospitali yenye roboti, hata iwe mbali kiasi gani. Hayuko peke yake. England mgonjwa ana haki ya kuchagua hospitali, na watafiti waliofuatilia waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi dume kati ya 2010 na 2014 walikuta karibu mmoja katika kila watatu aliipita hospitali ya jirani akaenda ya mbali. Penye roboti ndipo walipokimbilia wengi. Kati ya vituo 65, baadaye 16 vilifunga huduma hiyo, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na roboti.

Sasa tuongee. Anayepasua ni daktari. Anakaa hatua chache kutoka kitandani, macho kwenye kioo, vidole kwenye vishikio, na mikono ya mashine inamfuatisha ndani ya tumbo kupitia vitundu vidogo. Faida zipo: damu humwagika kidogo, na wengi hurudi nyumbani mapema. Lakini yanayowanyima wanaume usingizi, mkojo kuvuja na nguvu za kiume kupungua, roboti haijayaondoa. Kule Brisbane, Australia, watafiti waliulinganisha upasuaji wa roboti na ule wa kawaida. Baada ya miaka 2, mambo ya mkojo na ya chumbani yalikuwa yaleyale. Kwa hiyo muulizeni mpasuaji: umeshafanya wangapi, na wangapi bado wanavaa pedi baada ya mwaka?

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba mtu akishaipenda mashine, haulizi tena kama kuna haja ya kupasuliwa. Utafiti wa ProtecT, hukohuko Uingereza, uliwagawa wanaume 1,643 katika makundi matatu: upasuaji, mionzi, na kufuatiliwa kwa vipimo. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hii walikuwa 2 hadi 3 tu katika kila 100, kundi lolote lile, ingawa kwa waliofuatiliwa ilisambaa zaidi. Nakuomba usiifanye hiyo kuwa ruhusa ya kukaa tu. Karibu wote walikuwa Wazungu, na kwa mwanaume mweusi Uingereza uwezekano wa kupata ugonjwa huu ni mmoja katika wanne, mara mbili ya wengine. Ukali wa saratani ya shemeji ndio uamue, na huo umo kwenye majibu ya kinyama kilichokatwa. Yaombeni, msomewe polepole.

Na kabla hajasaini fomu ya upasuaji, aombe kuonana na daktari wa mionzi pia. Mpasuaji atamweleza vizuri upasuaji. Mionzi aisikie kwa mwenye kazi yake. Nenda naye, mdogo wangu, na maswali yenu myaandike kwenye karatasi.