SOMO: KUTUNZA NA KURUDISHA KUMBUKUMBU ZA KOMPYUTA

Ndugu wakazi wa kambi,

Wengi wenu mliondoka nyumbani bila vyeti vya shule, vya kuzaliwa wala hati za shamba. Mnaijua taabu ya kujieleza bila karatasi. Siku hizi alama za wanafunzi, majina ya wagonjwa na akiba za vyama huandikwa katika kompyuta, nazo pia zaweza kupotea. Somo hili ni kwa wanaotunza kumbukumbu hizo, na kwa wanachama pia, ili mjue la kuwauliza.

Maana ya maneno

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Hifadhidata ni daftari kubwa lililomo ndani yake, ambalo watu wengi huandika kwa pamoja. Seva ikiharibika, hununuliwa nyingine. Yaliyoandikwa hayanunuliki.

Yaliyowapata wengine

Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, ambayo hutunza kazi za watengenezaji wa programu, alikusudia kufuta data katika seva ya pili. Kwa makosa akafuta katika seva kuu. Alipositisha, gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimekwisha kufutika. Walipotafuta nakala za kila siku hawakuzikuta: programu ya kunakili haikulingana na toleo la hifadhidata yao, na barua za onyo hazikuwafikia. Waliokolewa na nakala iliyotolewa kwa shughuli nyingine, muda wa saa 6 hivi kabla ya ajali. Yaliyoingizwa katika hifadhidata baada ya hapo yalipotea.

Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wako wateja waliokuwa na nakala, lakini ziliwekwa mahali palepale, zikaungua pamoja na asili.

Mambo ya kufanya

1. Tumia programu ya kunakili iliyotengenezwa kwa hifadhidata hiyo. Kwa PostgreSQL ni pg_dump, kwa MySQL ni mysqldump. Usinakili faili zake hivi hivi wakati watu wanaandika. Nakala yaweza kutoka mbovu.

2. Uwe na kumbukumbu mahali patatu: asili na nakala mbili. Ziwe katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali na jengo lenye seva.

3. Amueni mnaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani. Ikiwa ni siku moja, nakilini kila siku.

4. Fungeni nakala kwa neno la siri, nalo lijulikane na watu wawili wanaoaminika. Orodha ya majina ikiangukia mikononi mwa mtu mbaya, yaweza kuwahatarisha waliokimbia.

5. Kila mwezi jaribuni kurudisha nakala katika kompyuta nyingine, kamwe si juu ya seva inayofanya kazi. Hesabuni majina, linganisheni na seva, kisha andikeni tarehe na muda uliotumika.

Ajali ikitokea

Kwanza, simamisheni uandikaji wote. Msifute kitu kwa haraka. Pili, nakilini hali ilivyo, hata kama imeharibika. Tatu, rudisheni nakala nzuri ya karibuni katika kompyuta nyingine, mkaikague. Nne, yaliyoandikwa baada ya nakala hiyo yaandikwe upya kutoka katika stakabadhi. Kwa hiyo msitupe karatasi za wiki hiyo mpaka nakala mpya ipatikane na kujaribiwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini nakala iliyomo ndani ya seva ileile haitoshi?
2. GitLab walikuwa na utaratibu wa kunakili. Walikosa nini?
3. Chama chako kikinakili kila Jumamosi na seva ikafa Ijumaa, mtapoteza kazi ya siku ngapi?

Wanachama, katika mkutano ujao waulizeni viongozi wenu kwa upole: "Mara ya mwisho mlijaribu kurudisha nakala tarehe ngapi?" Wakikosa tarehe ya kuwatajia, pangeni siku ya kujaribu kabla ya mkutano kufungwa.