MAHAFALI YA WAUGUZI: MSAMIATI WA JOHO NA WA DAWA

Wahenga walinena kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kutulia na kuyatazama maneno yake? Ndwele ni ugonjwa. Kuganga ni kutibu, na ndiko alikotoka mganga. Kumbe methali tunayoitumia kila tunapotaka ugomvi usahaulike ilitoka kitandani kwa mgonjwa!

Katika makala haya nataka tuusome msamiati wa watu hao wanaoganga. Mwaka jana nilibahatika kuhudhuria mahafali ya chuo kimoja cha mafunzo ya udaktari na uuguzi, ambako dada yangu, binti ya ami yangu, alikuwa akihitimu uuguzi. Mwalimu wetu ametufundisha kwamba kila mahali pana sajili yake. Siku ile nilikutana na sajili mbili kwa pamoja: ya mahafali na ya hospitali. Nitaieleza kwanza ile ya mahafali, kisha tuingie ile ya hospitali, ambayo mtu akiikosea si alama tu zinazopotea.

Sherehe yenyewe

Tulitoka nyumbani alfajiri, matatu mbili mpaka chuoni. Nyanya alikuwa amevaa leso mpya na viatu alivyovitunza tangu Krismasi. Uwanja ulikuwa umejaa mahema meupe, wapiga picha na wauzaji wa mashada ya kung'aa. Mara bendi ikapiga, maandamano ya wakufunzi yakaingia, na nyuma yao wahitimu mamia kwa mamia. Vigelegele navyo! Kila mzazi alinyoosha shingo kumtafuta wake, lakini wapi! Wote walikuwa wamevaa sare moja, joho na kofia ya pembe nne yenye kishada.

Mimi niliketi karibu na Nyanya niwe mkalimani wake. Yeye Kiswahili anakisikia vizuri, lakini Kiingereza chake ni cha salamu tu, na sherehe nzima ilikuwa ya Kiingereza, tangu sala ya kufungua hadi neno la shukrani. Kazi ya kumtafsiria ndiyo iliyonifanya niyachunguze maneno yafuatayo.

Maneno ya mahafali

1. Mahafali. Neno hili lina asili ya Kiarabu na maana yake ya awali ni makusanyiko ya watu. Limo katika ngeli ya YA-YA. Kwa hivyo tuseme mahafali haya yalifana, wala tusiseme mahafali hii ilifana, kama tunavyosikia mitaani.

2. Kuhitimu. Pia ni la asili ya Kiarabu, na maana yake ni kukamilisha. Huko pwani, mtoto akimaliza kusoma Kurani yote husemwa kuwa amehitimu. Anayehitimu ni mhitimu, wengi ni wahitimu. Neno jingine tunaloweza kutumia ni kufuzu.

3. Joho. Hili ni vazi refu la heshima ambalo pwani huvaliwa na bwana arusi na masheikh. Waswahili walipoona vazi la wasomi, hawakuhangaika kutafuta jina jipya.

4. Astashahada, stashahada na shahada. Usiyachanganye! Astashahada ni cheti cha kwanza cha chuo, stashahada ndiyo diploma, na shahada ni digrii ya chuo kikuu. Shahada ni jamaa ya shahidi na ushuhuda. Ile karatasi, basi, inashuhudia kwamba mtu huyu amejua kazi.

5. Kutunuku. Chuo humtunuku mhitimu stashahada, na mhitimu hutunukiwa. Kule jukwaani hawakuitwa mmoja mmoja. Kila idara ilisimama kwa pamoja, mkuu akatamka maneno ya kuwatunuku, wakageuza vishada vyao, wakaketi wakiwa watu wengine kabisa.

Waliohitimu ni akina nani?

Sisi wengi tunadhani kila anayevaa koti jeupe ni daktari. Sivyo. Siku ile walisimama maafisa tabibu, ambao ndio humpima na kumtibu mgonjwa katika vituo vingi vya afya nchini; wataalamu wa maabara; wataalamu wa dawa; wataalamu wa lishe; wataalamu wa eksirei; na maafisa wa afya ya umma, ambao wazee wetu bado humwita kila mmoja wao bwana afya.

Kisha wakasimama wauguzi. Hapa pana jambo tamu la kisarufi. Muuguzi ametokana na kitenzi uguza, nacho kimetokana na ugua. Ungua hutupa unguza, yaani kufanya kitu kiungue. Je, uguza ni kumfanya mtu augue? Hasha! Kuuguza ni kukaa na mtu katika kuugua kwake, kumlisha, kumgeuza na kumpa dawa mpaka apone. Ndiyo maana hata mama anayekesha na mtoto mwenye homa tunasema anauguza.

Naye mkunga ni yule anayemsaidia mama kujifungua. Jina lake liko karibu sana na neno kunga, yaani siri. Pengine ndiyo sababu wazee waliwachagua wakunga kwa kuutazama mdomo kabla ya kuitazama mikono.

Kiapo

Baada ya kutunukiwa, wauguzi walibaki wamesimama, wakainua mkono wa kulia na kula kiapo. Kiapo hicho kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, kikapewa jina la Florence Nightingale, yule Mwingereza aliyewauguza askari katika Vita vya Krimea na ambaye jina lake lilipewa shule ya wauguzi iliyofunguliwa London mwaka 1860. Humo muuguzi huahidi mambo kadhaa. Mawili niliyashika: kwamba atatunza siri za mgonjwa, na kwamba hatampa mtu kwa kujua dawa ya kumdhuru.

Nikamnong'onezea Nyanya hayo. Akatikisa kichwa polepole, akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, mgonjwa ndiye anayeahidiwa. Mbona wanamwahidi kwa lugha asiyoisikia?"

Nilinyamaza. Swali lile halikuwa la mzaha, na Nyanya alikuwa na sababu ya kuuliza.

Saa nane ya nani?

Wakati wa mvua za masika mwaka huo huo, Nyanya aliugua. Alipimwa damu katika zahanati moja, akaonekana ana malaria. Akapewa zile tembe za malaria ambazo mtu mzima humeza nne nne mara sita, jumla ishirini na nne, kwa siku tatu. Nne za kwanza alizimeza pale pale, saa saba mchana. Aliyempa dawa akamwambia: "Nyingine nne utameza baada ya saa nane. Kesho asubuhi na jioni, keshokutwa asubuhi na jioni."

Wewe umesikia nini? Mwenye kutoa dawa alikusudia muda: zipite saa nane, ndipo ameze tena. Nyanya alisikia wakati: saa nane mchana ikipita, ameze. Akafika nyumbani, akatazama saa ukutani, saa nane na robo. Akameza nne nyingine. Yaani dozi ya pili ilimfikia baada ya saa moja na robo, badala ya saa tatu usiku. Jioni ile alishikwa na kizunguzungu na kutapika. Dada yangu, aliyekuwa amekuja likizo, alihesabu tembe zilizobaki, akashtuka, akamrudisha zahanati usiku huo huo. Tunamshukuru Mungu kwamba alipata nafuu. Lakini angekuwa mtoto mdogo je?

Sasa tulitazame jambo lenyewe kama wanafunzi wa lugha. Katika Kiswahili neno saa hufanya kazi tatu. Kwanza ni kifaa, saa ya ukutani. Pili ni wakati fulani wa siku, saa nane mchana. Tatu ni kipimo cha muda, saa nane nzima. Sentensi "baada ya saa nane" inabeba maana ya pili na ya tatu kwa pamoja. Hii ndiyo tunayoiita sentensi yenye utata. Darasani tunaichezea, tunaandika maana mbili, tunapata alama mbili. Zahanati, utata huo huo unaingia tumboni mwa mtu.

Tena kuna mtego wa pili. Saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa kuwa hapa karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Saa ya Kiingereza huanza usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. Mtu akiandikiwa kwenye pakiti tarakimu 8 peke yake, msomi ataisoma kama saa mbili, na mzee ataisoma kama saa nane. Wote wawili wamesoma sawa!

Dawa ya utata huu ni rahisi na haihitaji pesa. Taja muda na wakati pamoja: "Umemeza sasa, saa saba mchana. Zipite saa nane. Utameza tena saa tatu usiku, kabla ya kulala." Halafu mwombe mgonjwa akurudishie maneno hayo kwa kinywa chake. Akikosea, umemkamata kabla hajafika nyumbani.

Maneno mengine ya kuangalia

Kutwa mara tatu. Kutwa ni tangu asubuhi hadi jua linapotua. Usiku wake ni kucha. Dawa nyingi za namna hii hukusudiwa kugawanywa katika mchana na usiku. Anayelichukua neno kutwa kama lilivyo atazibana zote tatu mchana, kisha usiku kucha hana kitu.

Homa. Mtaani homa ni joto la mwili, ni mafua, na tena ni malaria. Mgonjwa akisema "nina homa", muuguzi hana budi kuuliza: mwili unachemka, pua inatiririka, au unatetemeka kwa baridi?

Presha na sukari. Tunasema "Mzee ana presha", kana kwamba sisi wengine hatuna. Kila aliye hai ana shinikizo la damu na ana sukari katika damu. Ugonjwa ni shinikizo la juu la damu, na ni kisukari.

Chanya na hasi. Darasani chanya ni kitu kizuri. Katika maabara, majibu chanya maana yake ni kwamba kile kilichotafutwa kimeonekana, nacho mara nyingi ni ugonjwa. Ni heri kusema wazi: "Vijidudu vimeonekana" au "havikuonekana".

Saratani. Hili halina mtego, nimelileta kwa utamu wake. Kwa Kiarabu neno hilo lilimaanisha kaa, yule mnyama wa baharini, na jina la Kiingereza la ugonjwa huu nalo limetoka kwa kaa, kwa Kilatini. Ugonjwa mmoja, lugha mbili, mnyama yule yule.

Tufanye nini?

Kuna wanafunzi wenzangu wanaosema Kiswahili ni somo la kujazia, ati anayetaka udaktari ashike Biolojia na Kemia tu. Siwalaumu sana, maana hata kule mahafali nilisikia hivyo hivyo. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nacho Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya. Ukiviweka vifungu hivyo viwili bega kwa bega, unapata jibu la swali la Nyanya. Dawa bila maelezo yanayoeleweka ni nusu ya dawa.

Simaanishi Kiingereza kitupwe. Vitabu vya uuguzi vimeandikwa kwa Kiingereza na dada yangu amevisoma. Ninalosema ni kwamba siku ya kula kiapo, kiapo kisomwe mara mbili, na mara ya pili kiwe kwa lugha ya yule anayelala kitandani. Na kwa sisi wanachama, napendekeza muhula ujao tuandike kwenye karatasi za manila maelezo ya saa za kumeza dawa, yakaguliwe na muuguzi aliyesajiliwa, kisha tuombe ruhusa tuyabandike katika zahanati iliyo karibu na shule. Dada yangu amekwisha kubali kuja kuyakagua.

Naiweka kalamu chini, lakini wewe inua yako ufanye zoezi hili.

ZOEZI

1. Sahihisha: Mahafali hii ilihudhuriwa na wazazi wengi.
2. Eleza tofauti kati ya uguza na unguza, kisha tunga sentensi moja yenye vitenzi vyote viwili.
3. Toa maana mbili za sentensi: Atarudi baada ya saa tatu.
4. Mgonjwa amemeza dawa saa nne asubuhi na anatakiwa kumeza tena zikipita saa kumi na mbili. Mweleze kwa sentensi mbili zisizo na utata.
5. Muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu anaelewa nini akiambiwa "kutwa mara tatu". Andika jibu lake kama alivyolisema, ulilete kwenye mkutano wa chama.