Kupogoa na Kupinda: Uhariri wa Picha za Kanga na Miswada katika Utafiti wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Data ya mtafiti wa Kiswahili haiishii kwenye matini zilizopigwa chapa. Anayechunguza tenzi za kale hutazama picha za miswada iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Anayechunguza semi za kanga hupiga picha za vitambaa madukani na majumbani. Anayechunguza lugha ya dola hukusanya mihuri, sarafu na mabango. Picha hizo hupitia mikononi mwake kabla ya kumfikia msomaji. Huzikata kingo, huzinyoosha, huzipunguza ukubwa, na mara nyingine huyaandika upya maneno yake kwa kuyapinda ili yafuate umbo fulani. Kazi hii hufanywa kwa programu sahili zilizomo karibu katika kila kompyuta, kama vile Paint na Microsoft Word, na kwa kawaida hufanywa upesi, mwishoni, makala yakiwa yanasubiri kupelekwa kwa mhariri.

Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba kazi hiyo si ya upambaji tu. Hoja yetu ni kwamba kupogoa picha ni namna ya kunukuu, na kupinda au kunyoosha maandishi ni namna ya kunakili upya. Kwa hiyo vitendo hivi viwili vinapaswa kutawaliwa na masharti yale yale ya uaminifu ambayo wanataaluma wamekwisha kuyakubali katika unukuzi wa maneno. Tutaanza na suala la istilahi, kisha tutaeleza programu hizi zinavyofanya kazi, na baadaye tutachunguza mifano ya kanga, miswada na mihuri.

2.0 Suala la Istilahi

Watumiaji wengi husema kwamba "wanakata" picha. Kitenzi hiki kina udhaifu, kwa kuwa katika lugha ya kompyuta kukata kumekwisha kuzoeleka kwa maana ya kuondoa kitu mahali pamoja ili kukibandika pengine. Kitenzi "kupunguza" nacho kina utata: anayepunguza picha huenda akawa ameondoa sehemu yake, au ameifanya nzima kuwa ndogo. Vitendo hivyo viwili vina matokeo tofauti kabisa.

Katika makala haya tunatumia kitenzi "kupogoa". Mkulima anayepogoa mti huondoa matawi ya pembeni na kuacha shina likiwa limesimama palepale na kwa kimo kilekile. Ndivyo inavyokuwa kwa picha: kingo huondolewa, na kinachobaki hakibadiliki ukubwa wala umbo. Kitenzi "kupinda" tunakitumia kwa kitendo cha kuyafanya maandishi yafuate mstari wa tao au duara, na "kunyoosha" kwa kinyume chake. Inafaa kukumbuka kwamba shina la "pinda" ndilo lililozaa nomino "pindo", ambayo ni istilahi ya msingi katika ufafanuzi wa kanga.

3.0 Jinsi Programu Zinavyofanya Kazi

Picha ya kidijiti ni safu za vijiraba vidogo vya rangi, yaani pikseli. Tuchukue picha yenye pikseli 3,000 kwa upana na 2,000 kwa kimo. Jumla yake ni pikseli 6,000,000. Mtafiti akipogoa na kubakiza ukanda wenye pikseli 1,500 kwa 200 tu, amebaki na pikseli 300,000, ambazo ni asilimia 5 ya data aliyokuwa nayo. Ukanda huo ukichapwa kwa kiwango cha pikseli 300 kwa kila inchi, utakuwa na upana wa inchi 5. Akiutanua ujaze upana wa ukurasa mkubwa, programu haiongezi habari yoyote mpya. Hutawanya zilezile zilizopo, na kingo za herufi hufifia.

Zipo aina mbili za kupogoa ambazo hazina budi kutofautishwa. Katika Paint, sehemu iliyopogolewa hutupwa. Faili likihifadhiwa kwa jina lilelile la awali na kufungwa, sehemu hiyo imepotea. Katika Microsoft Word, kwa upande mwingine, sehemu iliyopogolewa hufichwa tu. Hubaki ndani ya faili hadi mtumiaji atoe amri mahsusi ya kuifuta, na yeyote atakayelipokea faili hilo anaweza kuirudisha.

Tofauti hii ina uzito wa kimaadili. Mtafiti aliyemwahidi msailiwa kwamba sura yake haitaonekana, kisha akampogoa kichwa ndani ya waraka wa Word na kubakiza kanga aliyoivaa, hajaitimiza ahadi yake. Amemfunika tu kwa pazia ambalo mpokeaji wa waraka anaweza kulivuta. Aliyetumia Paint ameificha sura kikweli, lakini kama hakuweka nakala ya awali mahali salama, ameharibu ushahidi wake mwenyewe. Njia ya busara ni kuhifadhi picha asilia bila kuigusa, kupogoa nakala yake nje ya waraka, na ndipo kuiingiza nakala hiyo iliyopogolewa katika makala.

Aidha, kuna suala la muundo wa faili. Picha za JPEG hupoteza sehemu ya habari zake kila zinapohaririwa na kuhifadhiwa tena. Zile za PNG hazipotezi. Mtafiti anayerudia kupogoa, kuzungusha na kuhifadhi mara nyingi katika JPEG huzidhoofisha nukta na irabu ndogo za maandishi, ambazo, kama tutakavyoona, ndizo zinazobeba maana.

4.0 Kupogoa kama Kunukuu

4.1 Kanga

Kanga ina urefu wa kiasi cha sentimita 150 na upana wa kiasi cha sentimita 110, na huuzwa kwa jozi, yaani doti. Ina sehemu kuu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani usemi ulioandikwa sehemu ya chini ya mji. Kwa kuwa wanaisimu na wanafasihi huvutiwa zaidi na jina, tafiti nyingi huonesha ukanda wa maneno peke yake.

Upogoaji huo unaweza kuleta hasara ya namna tatu. Ya kwanza ni ya kisintaksia. Majina ya kanga kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa tupu na bila alama za uakifishaji. Tuchukue jina maarufu: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Msomaji huweka kituo baada ya "sipati", na "tamaa" huwa yambwa ya "sikati". Picha ikipogolewa upande wa kulia hata neno la mwisho likatoka, kinachobaki ni JAPO SIPATI TAMAA, tungo ambayo ndani yake "tamaa" imegeuka kuwa yambwa ya "sipati". Maneno yaliyobaki ni yaleyale ya mwenye kanga, lakini uhusiano wake si uleule. Kauli ya ustahimilivu imekuwa kauli nyingine.

Hasara ya pili ni ya kimuktadha. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008 ilitengenezwa kanga yenye picha ya Barack Obama na maneno ya kumpongeza, na jina lake likawa UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Anayepogoa na kubakiza jina tu atampa msomaji usemi wa shukrani unaoweza kufaa arusi au sikukuu yoyote. Anayebakiza picha na pongezi tu atampa tangazo la kisiasa. Ubunifu wa kanga hiyo upo katika kukutana kwa viwili hivyo, na hakuna upande mmoja unaoweza kusimama kwa niaba ya mwingine.

Hasara ya tatu ni ya kihistoria. Kwenye ukingo wa kitambaa mara nyingi huchapwa alama ya mtengenezaji au mfanyabiashara. Kwa mfano, kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa hujulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Ukingo huo ndio wa kwanza kuondolewa na mpogoaji kwa sababu haupendezi machoni. Hata hivyo, ndio unaoweza kumsaidia mtafiti wa baadaye kujua kanga ilitoka wapi na ni ya kipindi gani.

4.2 Miswada ya Hati ya Kiarabu

Katika miswada hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa ukurasa wake husomwa kuanzia kulia. Ubeti wa utenzi una vipande vinne: vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachopita katika utenzi mzima. Katika miswada mingi ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja, vipande vikifuatana kutoka kulia kwenda kushoto na kutenganishwa kwa alama. Maana yake ni kwamba kina cha bahari huangukia mwisho wa mstari, kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa. Mhariri aliyezoea hati ya Kirumi huuona ukingo huo kama mahali pa kuanzia, penye nafasi tupu isiyo na madhara, na huupogoa ili picha ienee katika safu. Kwa kufanya hivyo huondoa uti wa mgongo wa utenzi.

Kupogoa kwa kubana juu na chini nako kuna athari. Katika hati ya Kiarabu herufi be, te na the zina mwili mmoja na hutofautishwa kwa nukta tu: moja chini, mbili juu, tatu juu. Irabu za Kiswahili nazo huoneshwa kwa fataha, kasra na dhumma juu au chini ya konsonanti. Mpogoaji akiubana mstari hadi kwenye miili ya herufi, huenda akaondoa kasra na nukta ya chini kwa pamoja, na silabi "bi" ikabaki umbo lisilosomeka. Mjadala wowote kuhusu usomaji sahihi wa neno hauwezi kuamuliwa kwa picha kama hiyo.

Zaidi ya hayo, pambizo si mahali patupu. Humo mna masahihisho ya mnakili na maelezo ya wasomaji waliotangulia. Katika baadhi ya miswada neno la kwanza la ukurasa unaofuata huandikwa chini ya ukurasa uliotangulia, na pale ambapo kurasa hazina namba, neno hilo ndilo linalothibitisha mfuatano wake. Tarehe nayo mara nyingi hupatikana katika maelezo ya mnakili mwishoni mwa kazi. Mswada wa Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728 unahesabiwa kuwa miongoni mwa miswada ya kale zaidi ya Kiswahili iliyosalia. Bila ushahidi wa namna hiyo, madai kuhusu ukale wa mswada wowote hubaki makisio.

5.0 Kupinda na Kunyoosha kama Kunakili Upya

Programu sahili hupinda maandishi kwa njia mbili. Njia ya kwanza huisimamisha kila herufi juu ya mstari wa tao na kuizungusha kidogo, bila kubadili umbo lake. Njia ya pili huyachukua maneno yote kama umbo moja na kulivuta au kulibana, kiasi kwamba herufi za kando hurefuka au kufupika. Njia ya kwanza huhifadhi sura ya herufi. Ya pili huibadili. Mtafiti anayejadili mtindo wa herufi hana budi kusema ametumia ipi.

Kwa hati ya Kirumi njia ya kwanza haina tatizo kubwa, kwa kuwa kila herufi husimama peke yake. Kwa hati ya Kiarabu mambo ni tofauti. Katika neno "kitabu", kafu, te na alifu huandikwa kwa mshono mmoja, na be husimama kando kwa sababu alifu haiungi na herufi inayoifuata. Programu inayoshughulikia herufi mojamoja huukata mshono huo, na herufi huchukua maumbo yake ya kusimama pweke. Baadhi ya programu, zisizotambua mwelekeo wa hati, huzipanga pia kutoka kushoto. Matokeo yake ni pambo lenye sura ya Kiarabu lisilosomeka kwa mjuzi yeyote wa hati hiyo, na si ajabu kuliona pambo kama hilo kwenye jalada la kitabu kinachosifu urithi wa maandishi hayohayo.

Kunyoosha kuna matatizo yake. Tuchukue mhuri wa mviringo ambao miguu ya herufi za tao la juu ipo milimita 10 kutoka kitovu, na herufi zina kimo cha milimita 2. Vichwa vya herufi vipo milimita 12 kutoka kitovu. Kwa hiyo tao la vichwani ni refu kuliko la miguuni kwa asilimia 20. Ili mstari unyooke, vichwa havina budi kubanwa au miguu kutanuliwa. Hakuna unyooshaji usiobadili umbo.

Isitoshe, katika mihuri mingi maneno ya tao la juu huelekeza miguu kwenye kitovu, na ya tao la chini huielekeza kwenye ukingo. Duara likikunjuliwa kuwa ukanda mmoja, nusu ya maandishi hugeuka kichwa chini. Duara pia halina mwanzo. Sarafu za Tanzania za mwaka 1966 zilikuwa na sura ya Mwalimu Julius Nyerere pamoja na maneno "Rais wa Kwanza". Anayeyanakili maneno ya sarafu katika mstari ulionyooka huamua lipi litangulie na lipi lifuate. Uamuzi huo ni wake, si wa sarafu.

6.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza mambo manne. Kwanza, picha asilia ihifadhiwe nzima, na kazi ifanywe juu ya nakala. Pili, maelezo yaliyo chini ya picha yataje kilichofanywa: kwa mfano, "Picha imepogolewa, pindo na ukingo wa chini vimeondolewa," au "Maandishi ya tao yamenyooshwa." Maelezo hayo yatakuwa na kazi ileile ya nukta za dukuduku katika nukuu ya maneno. Tatu, pale ambapo hoja inategemea sehemu, picha ndogo ya kitu kizima iwekwe kando yake. Nne, maandishi ya hati ya Kiarabu yasipindwe kwa programu sahili. Yakihitajika kupindwa, yaandikwe kwa mkono na mjuzi kisha yapigwe picha.

Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa tangu mwanzo kwamba kuondoa neno katika nukuu bila kuonesha ni kosa la kitaaluma. Sharti hilo halijazoeleka bado katika picha, ingawa picha nyingi zinazochapishwa ni nukuu za vitu ambavyo msomaji hatavishika kamwe. Kanga huchakaa na miswada huliwa na mchwa. Pale ambapo kitu chenyewe kimetoweka, picha iliyopogolewa bila maelezo huweza kuwa ndiyo ushahidi pekee uliosalia, na kile kilichoachwa nje ya kingo zake hakitakuwa na wa kukishuhudia.