Mhunzi na Plau ya Feleji

Katika karne ya 19, karakana ya mhunzi, yenye tanuri, mivukuto na fuawe, ilikuwa tegemeo la miji midogo ya Illinois, Marekani. Udongo mzito wa mbuga za huko ulinata kwenye plau za chuma cha kusubu, mkulima akalazimika kusimama kila mara kuukwangua. Mwaka 1837, katika Grand Detour, mhunzi John Deere aliunda plau kwa msumeno wa feleji uliovunjika. Feleji iliyosuguliwa hadi kung'aa haina vijishimo vya kushika udongo. Kwa hiyo udongo uliteleza na kuanguka.

Mwaka 1848 Deere alihamia Moline, akajenga kiwanda. Baadaye bidhaa za viwandani, pamoja na trekta zilizochukua nafasi ya farasi, ziliwanyang'anya wahunzi wadogo kazi ile ile iliyomwinua mwenzao.